Bikira Mwenye Mikono Minane

Mpaka leo sijapokea komunio, na anayeniuliza sababu namwambia akawaulize walionitoa kwenye mstari. Nilikuwa mtoto wa mafundisho ya dini wakati jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Kongo na kujitangaza nchi. Sisi tuliozaliwa Elisabethville, kama mji huu wa Lubumbashi ulivyoitwa, tukageuzwa wageni kwa kuwa babu zetu walitoka Kasai. Mama, mjane wa fundi wa reli, alikimbia nami hadi kambi ya mahema iliyolindwa na askari wa Kihindi wa Umoja wa Mataifa, wenye kofia za buluu. Masufuria aliyaacha. Alichobeba ni gauni langu jeupe la komunio ya kwanza, alilolishona mwenyewe, limekunjwa ndani ya foronya. Nilikasirika, maana gauni halipikwi.

Kila asubuhi kengele ndogo ililia upande wa askari. Siku moja mama akanishika mkono tukaenda kuchungulia. Viatu vilipangwa nje ya hema. Ndani taa iliwaka, ubani ulifuka, na palikuwa na mwanamke wa jiwe jeusi, hafiki goti langu, amemkanyaga nyati shingoni. Mama hakuwa na la kuuliza: taa ni ya Sakramenti, na mwanamke anayekanyaga mnyama ni Bikira; wetu hukanyaga nyoka, labda kwao nyati ni wengi kuliko nyoka. Akavua viatu, akapiga goti, akafanya ishara ya msalaba. Yule mwanamke alikuwa na mikono minane, yote imeshika silaha.

“Mama Maria wa kwabo iko na mikono mingi,” mama alininong'oneza. “Pengine kwabo mateso iko mingi.”

Askari mmoja mwenye mvi alifurahi kutuona. Alituonyesha picha iliyobandikwa kwenye mti wa hema: hekalu la mawe la kwao, limechongwa wanawake kama yule kuanzia chini hadi kileleni, nyuso zimelika kwa mvua. Kwa ishara alieleza ukale wake: babu yake, babu wa babu yake, kisha akapunga mkono juu, maana hesabu ilimshinda. Niliona wivu mkali. Nyumba yetu ya matofali ilikuwa imechomwa na majirani.

Kisha akachukua kidonge cha semolina na sukari kilichokuwa miguuni pa sanamu, akaninyooshea. Mimi niliyefundishwa mwaka mzima jinsi ya kupokea, nikafumba macho nikatoa ulimi. Akacheka, akakiweka ulimini. Kilikuwa kitamu kweli. Tangu tukimbie sikuwa nimeonja sukari.

Mama alimsimulia katekista kwa furaha kwamba hata askari wana Bikira wao, na kwamba nimelishwa kitamu cha miguuni pake. Katekista alikuwa mkimbizi kama sisi, akilala juu ya majani kama sisi, lakini hakucheka. Padri alikuwa aje Jumapili kuwapa watoto komunio.

“Huyu mutoto amekwisha kupokea,” alisema. “Amepokea kwa sanamu.”

Mama alimsihi, akasema kosa ni lake. Alijibiwa kwamba ningoje vita viishe, kisha nianze mafundisho upya. Watu waliofukuzwa mjini nao walikuwa wamepata wa kumfukuza.

Jumapili, wenzangu wakiimba, mama alitoa gauni kwenye foronya. Nilidhani atanivalisha nikapokee kwa nguvu, nikainua mikono juu. Alinipita. Nilimfuata nikilia hadi kwenye hema la askari, ambako kila siku walimvika yule mwanamke kitambaa kipya. Mama akavua viatu, akamzungushia gauni langu. Likammeza, kikabaki kichwa na ncha za mikuki. Yule mwenye mvi akaunganisha viganja, akainama.

“Huyu hakutuuliza tunatokaka wapi,” mama alisema, akimtazama yule wa jiwe.

Alisema kweli. Lakini gauni lilikuwa langu, na mimi pia hakuna aliyeniuliza.