Likizo ya Mzee Maziwa

Walimwita Mzee Maziwa, ilhali hajawahi hata kumfunga ng'ombe kamba. Kazi yake ilikuwa maabarani: kuchukua majimaji yaliyotokana na utomvu wa msonobari, kuyachanganya na maji na sabuni, kisha kuyapasha moto huku mashine ikikoroga. Yakiiva yanakuwa chembechembe za plastiki, ndogo hata hadubini ya kawaida haizioni, zinaelea na kuyafanya maji meupe pe. Hayo ndiyo maziwa yake. Wenye viwanda vya rangi waliyataka badala ya yale yatokanayo na petroli. Sharti moja: usiache kukoroga kabla hayajaiva.

Nyumbani hakuwa na mtu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na binti yao wa pekee alikuwa ng'ambo, anapiga simu mara mojamoja, tena saa za kazi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Wakasahau kazi ya kusubiri simu. Mzee alitaka jambo moja tu, binti aje, hata kwa wiki. Lakini kila simu ilikuwa, "Baba, sikusikii, kelele nyingi," halafu kwaheri.

Siku hiyo simu ilipoita, Mzee akaizima mashine. Alijua anachofanya, msimtetee.

"Mwanangu, utakuja lini?"

"Baba, mbona leo kumetulia?"

"Nimepata nafasi. Utakuja lini?"

"Kuja sitaweza, Baba. Nimeshatulia huku. Usiwe unanisubiri."

"Haya, mama. Ufanye kazi vizuri."

Alipoiwasha tena mashine, maziwa yalishaganda mabonge, ya kutupa tu. Bosi wake, mwanamke mpole, akayatazama, akamtazama na yeye.

"Mzee wangu, kulikoni? Wewe hujawahi kugandisha."

"Simu ya binti yangu. Nilizima nimsikie."

"Anakuja?"

Hapo Mzee aliona aibu kubwa kuliko ile ya mabonge. "Anakuja," akasema.

Bosi akafurahi kwelikweli. "Basi chukua likizo, umpokee mtoto. Wenzako watakushikia."

Wenzake wakampa mkono wa heri. Mmoja akamtania ajifunze kupika, asije akamnywesha mgeni plastiki. Mzee akacheka nao, akavua koti, akaenda. Likizo yote alishinda ndani, mapazia ameyashusha, asionekane barabarani peke yake.