Bomba la Mama Mvinyo

Jirani yetu mwenye kiwanda cha mvinyo ana vidole vya zambarau visivyotakata kwa sabuni yoyote. Hunusa kila kitu, mapipa hata udongo, utadhani paka jikoni. Jua likichoma, huwafokea wachumaji zabibu waende kivulini. Maji ya kuoshea mapipa huyachuja kwenye mashimo ya kokoto na matete kabla hayajaingia mtoni. Juzi fundi alikuja kumvutia maji ya jikoni kutoka mtoni.

“Mama, tuyachukue huku juu. Kule chini kunapita uchafu wako mwenyewe!”

“Na wenzangu wa bondeni wanakunywa yapi?” akauliza, huku akiunusa mpira wa bomba. “Weka bomba kule chini, mwanangu. Yakiharibika, tumbo langu ndilo lianze kulalamika.”