Dudu la Mpira na Chai Iliyopoa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ukaguzi wa filamu, katikati ya jiji, Mkaguzi Mkuu alinipa daftari na kikombe cha chai. "Usiniambie filamu ni nzuri au mbaya," alisema. "Niambie nani amesahau chai yake." Kazi yetu ilikuwa kutazama filamu kabla ya umma na kuipa daraja, yaani kuamua nani aruhusiwe kuiona. Anayecheka hunywa. Aliyechoka hunywa. Mwenye hofu ya kweli huacha chai ikafanya utando.

Lakini kwanza nilipelekwa ghalani kupanga mikanda ya filamu, kisha nikapandishwa hadi chumba cha kutazamia. Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, mtaa wa Mountain View, nilimwomba Mungu anipe macho ya haki.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukumbi mmoja wa sinema uliomba kuwaonyesha watoto walio likizoni filamu ya kutisha ya zamani sana: kituo cha mwezini, na kitu kinachopumua ndani ya mabomba ya maji. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili nistaafu, na ripoti yangu ya mwisho ilihitaji kibali cha Mkurugenzi mpya, mama mcheshi mwenye haraka.

"Mzee wangu, hii ni ya watoto kabisa," alisema. "Hebu cheki hilo dudu la mpira! Zipu inaonekana mgongoni! Weka sahihi twende tukakule."

Zipu ilionekana kweli, hata mimi nilicheka. Lakini nilikuwa nimewahi kuiona filamu hiyo. "Tuitazame hadi mwisho, madam."

"Haya, ni wewe umetaka."

Basi dudu likaondoka kwenye picha! Yakabaki matone ya mfereji wa maji gizani, na uso wa mpishi wa kituo akisikiliza. Bila kompyuta, bila chochote! Moyo wangu uliruka kwa furaha. Waliijua kazi yao, wale watu. Taa zilipowashwa, kikombe cha Mkurugenzi kilikuwa kimejaa, kina utando, na miguu yake iko juu ya kiti.

"Andika watu wazima tu," alisema, akitafuta viatu. "Na nani atanisindikiza msalani?"

Siku hizi madudu ya kompyuta huonyeshwa hadi jino la mwisho, nami humaliza chai yangu yote. Namshukuru Mungu kwa kazi ile. Juzi mke wangu alikubali tuitazame filamu ile pamoja, mchana kweupe. Aliicheka zipu. Nilipoinuka nikampashie chai yake, alinishika mkono.

"Kwanza funga ule mfereji wa jikoni unaodondoka."