Tovuti ya Tonetone

Fundi rangi alikuwa na binti mmoja tu, na utotoni mtoto huyo hakubanduka kwake. Baba akipaka ukuta, mtoto yuko chini ya ngazi, na jioni wanarudi akiwa na madoa toka nyweleni hadi nyayoni. Ndipo akambandika jina la Tonetone, jina la humo humo nyumbani.

Alipokua, Tonetone alipata kazi za ndani nchi ya mbali. Mwanzoni alipiga simu mara kwa mara. Kisha akasema kwa haraka kwamba bosi wake anakusanya simu za wafanyakazi wote, na sauti ikakatika.

Shemeji yake fundi, aliyekuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi, alikuwa ameshawafungulia tovuti yenye jina la Tonetone, ikiwa na picha yake na sehemu ya kuandika ujumbe. Binti aliijua. Siku moja, akipangusa vumbi ofisini kwa bosi, aliiba dakika kwenye kompyuta akaandika: "Baba, mama, niko hai. Msibadilishe hapa." Tangu hapo fundi alipitia dukani kila asubuhi, brashi mkononi. Mara nyingi hakukuta kitu. Akikuta mstari mmoja, siku nzima alipaka rangi akipiga mluzi.

Wakati wa kusajili, shemeji alijaza jina kamili la fundi, anwani na namba yake ya simu. Hakuna aliyewaambia kwamba maelezo hayo yangewekwa wazi, kila mtu ayasome.

Mtu mmoja akayasoma. Alimpigia fundi simu wakati fundi yuko juu ya ngazi.

"Mzee shikamoo. Napiga kutoka kampuni iliyosajili tovuti yenu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Jina la tovuti linakaribia kufungwa. Usipolithibitisha leo, linapotea."

Yule mtu alimtajia jina lake, mtaa, mpaka siku waliyosajili. Ungemtilia shaka vipi? Fundi alishuka, akakimbilia dukani na rangi mikononi, akamwomba mkewe shemeji, aliyekuwa ameshika duka siku hiyo, afungue barua pepe. Kulikuwa na namba ya siri aliyoitaka yule mtu. Fundi alimsomea simuni taratibu, asikosee hata tarakimu moja.

"Asante sana, mzee. Sasa mko salama."

Asubuhi iliyofuata, pale penye picha ya Tonetone palikuwa na mchezo wa kamari, sarafu zinamwagika.

Shemeji alipiga simu kampuni halisi kwa hasira.

"Jina limeshahamia kampuni nyingine," dada wa huduma alijibu. "Namba ya uhamisho mliitoa wenyewe."

"Tumetapeliwa, dada! Namba zetu si nyinyi mlioziweka hadharani?"

"Pole sana, kaka. Lalamikeni kule lilikohamia."

Kule walijibu, wakataka uthibitisho. Shemeji akatuma kila alichokuwa nacho. Baadaye wakaandika kwamba shauri limefungwa.

Simu za matapeli hazikukoma. Namba ya fundi ilikuwa imesambaa. Shemeji alimshauri aibadilishe.

"Nitaibadilishaje?" fundi alisema. "Mtu akimwekea mwanangu simu mkononi, atapiga wapi?" Kwa hiyo alipokea zote.

Miezi ikapita, akaja mwanamke mmoja aliyerudi kutoka nchi ile. Alikuwa amefanya kazi nyumba ya jirani na Tonetone. Mama alimkaribisha, akakaa naye mkekani, magoti yakigusana.

"Nilimwacha mzima, mama. Ila bosi wake alimpeleka kwa ndugu yake, mji mwingine. Sijui wapi."

"Alikuambia lolote?"

Mgeni akainamisha kichwa. "Aliniambia alifungua ile tovuti yenu akakuta kamari. Akajaribu tena, ikawa vilevile."

"Alilia?"

"Hapana, mama. Alisema labda mmechoka kusubiri."

Mama akashika tama. Fundi aliyekuwa amesimama mlangoni alisogea karibu. Halafu akamuuliza mgeni kama kuna mwenzao aliyebaki kule, yeyote, anayeweza kumfikishia mtoto neno moja tu.

"Wote tulitawanyika, baba," mgeni alisema.

Shemeji amewafungulia tovuti nyingine, kwa jina linalokaribiana na lile. Mpaka sasa wanaoandika humo ni wauza dawa za nguvu za kiume, na kila asubuhi fundi anapita kuwasoma.