Leso Isiyo na Jina

Kaka yangu mkubwa haji Tanga, hushuka. Idi iliyopita alishuka na mambo mawili: zawadi ya mama, na mpango wa kuibomoa nyumba ya mama hapa Ngamiani ili ajenge gesti ya ghorofa. Mama angehamishiwa chumba cha uani, eti apumzike.

Zawadi yenyewe ilikuwa leso ya ughaibuni, imechapwa picha ya nebula, wingu jekundu la gesi huko angani. Kaka ni mhasibu, lakini alitufundisha sote, nami ninayesomesha fizikia Pongwe nikiwamo. Wingu peke yake, alisema, ni giza tupu. Nyota changa zilizozaliwa ndani yake ndizo zinazoliwasha. Kisha akatutazama mmoja mmoja, ahakikishe tumeelewa nyota ni nani.

Mama aliigeuza leso huku na huku. "Jina lake liko wapi?"

Kaka akacheka, akasema haina maandishi, hiyo ni sayansi. Maskini, amekaa bara hadi amesahau kwao. Hapa kwetu leso isiyo na jina ni hatari kuliko yenye matusi. Mama aliivaa arusini mara moja tu, na kabla ya magharibi majirani wawili walikuwa wameshanuna, kila mmoja akijua kwa yakini kuwa anasemwa yeye.

Nilikuwa na hasira, basi nikammalizia mama somo lililokatwa katikati. Ni kweli, mwanga mkali wa nyota huifanya haidrojeni ing'ae nyekundu. Lakini mwanga huohuo, pamoja na upepo wa nyota, hulitoboa wingu lililoizaa, hulisukuma, mwisho hulitawanya.

"Na nyota?"

"Hubaki, mama. Inang'aa peke yake."

Mama akaikunja leso. Kesho yake alinituma na leso kwa fundi anayechapa fulana za kampeni.

Kikao cha familia kilikuwa baada ya alasiri. Wajomba walipokwisha kuitikia shikamoo zetu, kaka akakunjua ramani ya gesti. Mama akaingia amejitanda leso, akasimama mbele yake, akampa mgongo. Kaka akasoma kwa sauti, kama anavyotusomea kila kitu: "Mwanga chukua, nyumba niachie."

Hakuna aliyecheka, hata mimi niliyejiandaa kucheka. Kaka aliikunja ramani, akainuka kuondoka.

"Kaa, mwanangu," mama akamwambia. "Mimi sijakufukuza."