Mama na Sala ya Wajapani

Ninyi mliokulia Kalemie wakati nchi ikiitwa Zaire, bila shaka mnaikumbuka salongo ya asubuhi, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji: fagio mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Mnakumbuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, zikianikwa juani, bukari, yaani ugali wa muhogo, na nyimbo za kusifu chama tulizozicheza mbele ya bendera hata tumbo likiwa tupu. Tulicheka sana enzi zile. Lakini mimi, nikikumbuka utoto wangu, hukumbuka kwanza mwaka ambao nyumbani kwetu hakuna aliyecheka.

Kaka yangu Kisimba alipanda boti ya wachuuzi kuvuka ziwa kwenda Kigoma kununua sabuni. Dhoruba ikawakuta, na mwili wake haukuonekana. Kwetu, mama akiruhusu moto wa matanga uwashwe bila mwili, ni kama amemzika mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe. Mama alikataa. Kila kulipokucha alikwenda kukaa kando ya ziwa. Hakula. Tuliogopa kwamba siku moja angeingia majini amfuate. Papa, baba yetu, fundi wa reli, alimfuata kwa mbali, akijifanya anapunga hewa.

Ndipo mdogo wake Papa, Baba Mudogo Kalunga, akafika kwa treni. Kule migodini Katanga alikuwa amefanya kazi na Mjapani mmoja aliyemfundisha sala ya Kibuda. Alitandika mkeka, akamketisha Mama, akaanza: "Namu-mioho-renge-kio, namu-mioho-renge-kio..."

Jirani yetu Mama Feza, Mkatoliki wa misheni ya Mpala, akasikia kupitia ukutani. Akadhani ni litania, ile sala ya kuwaita watakatifu mmoja mmoja. Akaja na rozari yake, akapiga magoti, na kila Baba Mudogo alipovuta pumzi, yeye aliitikia: "Utuombee!" Papa naye akaitikia.

"Mama Feza, huyu si mutakatifu," Baba Mudogo akasema.

"Kama si mutakatifu, munamwita nani?"

"Hatuite muntu. Tunatuliza moyo."

"Ee! Na mimi magoti yangu yameisha bure?"

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, halafu akalia. Lakini hakuinuka mkekani.

Ngoja nieleze sala hiyo ilivyo, maana huenda nawe unabeba jambo. Unakaa mgongo wima, macho wazi. Sauti itoke tumboni, isikimbie, isiburute. Mawazo yatakuja tu. Ya Mama yalikuwa boti inayopinduka. Usiyafukuze, wala usijigombeze. Yaache yapite, urudi kwenye sauti. Ukipotea tena, rudi tena. Usidhani umeshindwa: kule kurudi ndiyo kazi yenyewe.

Sauti ya Mama ilikatika mara nyingi. Kwanza alikaa mkekani kidogo tu kabla ya kwenda ziwani. Baadaye akakaa zaidi. Mwishowe akaanza kula uji pale pale alipoketi. Hata hivyo, uso wake haukuwa na furaha, na sisi watoto tulidhani sala haifanyi kazi.

Asubuhi moja alinyamaza katikati, akamgeukia Papa.

"Papa Kisimba, ita watu. Tuwashe moto."

Papa aliinuka. Alitoka nje, akaanza kupasua kuni. Siku hiyo tulimpata Mama, na siku hiyo hiyo Kisimba alikufa.

Leo wajukuu wangu wananiambia utulivu uko ndani ya simu. Wanaziba masikio kwa vidude, wanasikiliza mawimbi yaliyorekodiwa kwa Wazungu, na ziwa lao liko mlangoni! Nawatania, nao wananitania. Lakini jirani yangu amefiwa na mume, na nimeona macho yake sokoni. Nilikwenda kumbishia hodi nikae naye. Mwanawe alinijibu bila kufungua geti: "Mama anapumzika, Bibi. Mtumie ujumbe tu."