Nives, Jina la Theluji

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nilianza na baiskeli ya toleka, nikibeba abiria Kisangani nzima kwenye jua kali. Leo niko na chumba cha baridi changu mwenyewe, na wamama wa soko wanapanga mstari kwangu kwa katoni za samaki wa mpiodi. Shule? Mwaka wa nne wa primaire. Ilitosha.

Basi binti yangu alipozaliwa bila kulia, na sista mzee Mwitaliano wa maternité akampulizia pumzi mpaka akalia, sikushangaa. Nilimuuliza sista jina lake tu. Nives. Akasema hata kwao Italia ni wachache wanaitwa hivyo. Maana yake theluji. Wanasimulia kwamba zamani, kule Roma, theluji ilianguka katikati ya joto la mwezi wa nane, na pale ilipoanguka wakajenga kanisa la Bikira Maria. Jina limetoka hapo.

Bon, nikalichukua.

Lakini katika ukoo wetu jina halishiki mpaka shangazi amshike mtoto na kuliita mbele ya watu. Dada yangu mkubwa akaja kutoka Beni, akambeba mtoto, akakataa kuliita.

"Siwezi kuita mutoto baridi, mimi. Atakuwa na homa kila siku. Umupe jina ya mama yetu."

"Yaya, dada yangu, mama alikuwa anatuonyesha nini asubuhi, juu ya mlima Ruwenzori?"

"Nzururu, ile theluji nyeupe. Lakini nani alishaigusa?"

"Weye utaigusa. Leo."

"Ndugu yangu, umeanza tena kujivuna!"

Watu wakacheka. Nikampeleka uani, nikafungua chumba cha baridi. Akakwangua ile barafu nyeupe ukutani, akaitazama mpaka ikayeyuka kiganjani.

"Donc ndiyo hii," akasema polepole. "Mulete mutoto." Akamshika. "Nives!"

Vigelegele! Sasa kila mgeni akataka kugusa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, jenereta ilikuwa inahangaika, na mfanyakazi wangu akapiga kelele: "Patron, samaki wanatiririka maji!"

Nikasema mlango usifungwe mpaka mtu wa mwisho aguse. Na haukufungwa.

Samaki waliolainika niliwauza kwa bei ya kutupa, nikahesabu hasara. Majirani bado wananiuliza jina la kizungu lilinigharimu nini. Nawajibu kwa sauti, barabara nzima isikie: dola elfu moja mia moja na tano.